Historia ya Tukuyu ihifadhiwe na isimuliwe hapo hapo Tukuyu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, mji ambao sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaula na kuunywa karibu kila siku bila kuufahamu. Ndizi nyingi zinazoshushwa kwenye malori katika soko la Mabibo hutoka kwenye migomba ya Rungwe. Sehemu ya majani ya chai tunayochemsha asubuhi huchumwa kwenye miteremko ya Katumba na vijiji jirani, na miaka ya karibuni maparachichi ya huko yamekuwa yakisafirishwa hadi nje ya nchi. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa Ubungo au Mbagala Tukuyu ni mahali gani, atakwambia ni kule kwenye baridi na mvua, unakopita ukienda Kyela au ukienda kuvuka mpaka kuingia Malawi.

Nimefundisha jiografia na historia katika shule za sekondari za jiji hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na Rungwe nimefika mara kadhaa, kwa hiyo naandika juu ya jambo ninalolifahamu na ninalolipenda. Ombi langu ni kwamba historia ya Tukuyu ihifadhiwe na isimuliwe hapo hapo ilipotokea, kwa kuanzia na boma la Masoko, kambi ya zamani ya jeshi la Wajerumani, na kwamba wanaopanga utalii wa kusini wasiishie Ruaha. Mradi mkubwa wa utalii uliojulikana kwa jina la REGROW, ambao ndio uliozungumzwa sana kila ilipotajwa kusini, ulilenga hifadhi nne: Nyerere, Mikumi, Milima ya Udzungwa na Ruaha. Hifadhi hizo nazitakia mema yote. Lakini ukitoka Ruaha bado kuna safari ndefu kabla hujafika kwenye mpaka wa kusini-magharibi, na sehemu hiyo ya nchi ina utajiri wa namna yake ambao hauhusiani na simba wala tembo.

Nianze na mpaka wenyewe, maana ndio uliouumba mji. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Mkataba huo huo uliuchukua Mto Songwe, unaomwaga maji yake kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ukaufanya mstari wa kutenganisha tawala mbili. Waliokuwa wakilima na kuchunga kwenye kingo zake hawakuulizwa. Kaskazini mwa mto wako Wanyakyusa, kusini wako Wangonde wa Karonga, na watu hawa husikilizana lugha bila mkalimani, huoana, na masimulizi yao ya asili yanakutana mahali pamoja: Lwembe, kiongozi wa jadi wa Wanyakyusa aliyekuwa na makao yake Lubaga karibu na Tukuyu, na Kyungu, mtawala wa Ngonde, wote wawili wanahesabiwa kuwa chimbuko lao ni milima ya Ukinga. Mto nao haujawahi kutulia. Kwenye uwanda wa chini hubadili njia baada ya mafuriko, kiasi kwamba shamba lililokuwa Tanzania msimu mmoja laweza kujikuta ng'ambo msimu unaofuata, na hiyo ni sababu mojawapo ya serikali za Tanzania na Malawi kuwa na mpango wa pamoja wa bonde la Songwe.

Kwa jinsi tunavyofundishwa kuitazama ramani tukiwa hapa pwani, Tukuyu uko mbali sana, mwisho wa barabara. Wageni wa karne ya 19 hawakuiona hivyo, kwa sababu wengi wao hawakupitia Dar es Salaam. Njia kuu ilikuwa ya maji: waliingia kwenye mdomo wa Zambezi, wakafuata Mto Shire, kisha wakapanda meli kwenye Ziwa Nyasa hadi ncha yake ya kaskazini, na hapo milima ya Rungwe ikawa mbele yao. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza nchini Msumbiji, James Frederic Elton, alipanda kutoka ziwani akavuka nyanda za juu. Alifariki dunia mwezi Desemba mwaka huo huo akiwa Ugogo, kabla hajaiona pwani, na uwanda wa Kitulo ulibaki na jina lake kwenye ramani za Waingereza kwa miongo mingi. Joseph Thomson alifuata mwaka 1879. Mwaka 1891 wakaja wamisionari kwa njia hiyo hiyo ya ziwa: Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, waliojenga kituo chao chini ya Mlima Rungwe, na wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky, waliojenga upande wa Konde, karibu na ziwa. Kanisa la Moravian kusini mwa nchi yetu lilianzia hapo Rungwe, na kituo hicho bado kipo, mwendo mfupi tu kutoka mjini.

Waliowakuta hawakuwa watu wasio na mpangilio, na jambo hili nalisisitiza kwa sababu vitabu vya shule hulipita haraka mno. Wanyakyusa walikuwa na desturi ya vijiji vya marika ambayo wataalamu wa jamii duniani wameisoma kwa miaka mingi tangu Godfrey na Monica Wilson walipoishi na kufanya utafiti huko katika miaka ya 1930. Wavulana walipofikia umri wa kuacha kuchunga ng'ombe za baba zao, waliondoka nyumbani wakaanzisha kijiji chao pembeni, wakalala na kuzungumza pamoja, wakaendelea kwenda kula kwa mama zao mpaka walipooa, na kijiji hicho kikakua nao hadi uzeeni. Ulipofika wakati, kizazi cha baba kiliwakabidhi rasmi vijana mamlaka ya nchi, kwa sherehe na kwa mipaka mipya ya ardhi. Kila ninapowaeleza wanafunzi wangu wa Dar es Salaam desturi hii, darasa hunyamaza kusikiliza, maana ni ushahidi kwamba babu zetu walikaa chini wakafikiri namna ya kugawana madaraka kati ya wazee na vijana, wakapata jibu lao wenyewe.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu za utawala. Mwaka 1893 Wajerumani waliteremsha ziwani meli yao, Hermann von Wissmann, na kujenga kituo kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki, wakakiita Langenburg. Ufuko ule ulikuwa na joto na homa, na kwenye miaka ya mwanzo ya karne ya 20 makao ya wilaya yakahamishiwa juu milimani, mahali penye hewa baridi palipoitwa Neu-Langenburg. Huo ndio Tukuyu. Sehemu ya kuta za boma lao imo hadi leo ndani ya majengo ya ofisi za serikali mjini, na mwananchi anayekwenda pale kwa shughuli zake hupita kando ya kuta zenye umri wa zaidi ya karne moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mpaka huu haukungoja. Katikati ya mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa kwa matengenezo pale Liuli, na inaelezwa kwamba nahodha Mjerumani hakuwa hata amepata habari kuwa vita imetangazwa. Siku chache baadaye kikosi cha Wajerumani kutoka Neu-Langenburg kilivuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga, na tarehe 9 Septemba 1914 kikashindwa na kurudi nyuma. Miezi mingi ilifuata ya kulindana kwenye mto, hadi Mei 1916, ambapo majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na kuuteka mji. Askari wengi waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwa wapagazi waliobeba risasi na unga kwenye milima ile yenye utelezi, wengi wao bila kuandikwa majina popote. Sisi hapa mjini tunapita kila siku mbele ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na Kariakoo yetu inabeba kumbukumbu ya wapagazi hao. Wenzao wa Songwe nao wanastahili kukumbukwa kwenye ardhi waliyoifia.

Hapo ndipo ninapofika Masoko. Kusini-mashariki mwa Tukuyu, kwenye barabara ya kuteremkia Matema, liko ziwa la duara lililotulia ndani ya kreta ya volkeno, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba. Juu ya ukingo wake Wajerumani walijenga kambi ya mawe ya kampuni yao ya tano ya jeshi, kikosi kile kile kilichokwenda Karonga. Baada ya vita jengo lilipita mikononi mwa Waingereza, na baadaye lilitumika kama mahakama. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia mwaka 1916 walitupa ziwani fedha na silaha zisianguke mikononi mwa adui, na sarafu za zamani za Kijerumani zimekuwa zikiokotwa pembezoni mwa maji. Ukweli wa hazina hiyo nawaachia wanaoitafuta. Mimi naona hazina ya uhakika iko kwenye tope la chini ya ziwa, ambalo wanasayansi wamelitoboa na kulisoma tabaka kwa tabaka, wakapata kumbukumbu ya mvua, ukame na majivu ya volkeno ya eneo lile kwa zaidi ya miaka 40,000. Ni maziwa machache sana katika Afrika Mashariki yenye kumbukumbu ndefu kiasi hicho isiyokatika.

Fikiria basi, Ndugu Mhariri: mahali pamoja, pa kuzunguka kwa miguu kwa muda mfupi tu, pana kreta ya volkeno, historia ya hali ya hewa ya tangu Zama za Mawe, kambi ya vita vya dunia, mahakama ya ukoloni na simulizi za wazee wanaoishi hapo hapo. Mara ya mwisho nilipofika, wa kunieleza hayo yote alikuwa mzee mmoja niliyemkuta njiani, ambaye alinitembeza kwa hiari yake na kwa heshima kubwa. Sikukuta ubao wa maelezo wala chumba cha maonyesho. Mzee kama huyo ni maktaba, lakini hawezi kuachiwa kazi hiyo peke yake, na hatakuwepo daima.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya enzi za Wajerumani hayamo katika kundi hilo, hutegemea kutangazwa na Waziri mwenye dhamana, na tangazo peke yake halizibi paa linalovuja. Rungwe hupata mvua kubwa kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi yetu, maeneo mengi yake yakipokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jengo la mawe na chokaa likiachwa wazi katika hali hiyo halichukui muda mrefu kuanza kumeguka. Ndiyo sababu nasema Masoko ishughulikiwe kwanza. Kanisa la Rungwe lina waumini wanaolitunza, boma la mjini lina watumishi wanaoingia kila siku. Jengo la kule kwenye ukingo wa ziwa linahitaji mtu wa kulisemea.

Yapo mengi zaidi ya historia ya vita, na yote yametokana na moto wa chini ya ardhi. Matawi ya Bonde la Ufa la Rukwa, Usangu na Nyasa hukutana hapa, na hapo yamesukuma juu milima ya volkeno. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960, na mlipuko wake mkubwa wa yapata miaka 4,000 iliyopita ulimwaga majivu yaliyopatikana hadi chini ya Ziwa Nyasa. Kyejo, jirani yake mdogo, alitoa lava karibu na mwaka 1800, hivi kwamba ni volkeno iliyofanya kazi katika siku za babu wa babu zetu. Mpaka leo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini upande huo wa Busokelo, huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, kwa hiyo mapovu ya soda inayouzwa dukani hapa mjini yanaweza kuwa yametoka chini ya Kyejo. Ngozi, katika milima ya Uporoto, ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu mnene, na kulifikia lazima upande kwa miguu chini ya miti hadi ukingoni, ndipo maji ya kijani yanapofunguka chini yako ghafla. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi imekuwa ikifanya utafiti Ngozi na Kyejo-Mbaka ili joto hilo lizalishe umeme. Naliunga mkono jambo hilo, mradi msitu wa ukingoni uachwe ulivyo.

Kwenye Mto Kiwira, karibu na Chuo cha Magereza, lava iliyopoa imeacha upinde wa mwamba juu ya maji, nao ndio unaoitwa Daraja la Mungu. Si mbali na hapo ni Kijungu, ambapo mto wote huingia kwenye tundu la mwamba na kuchemka kama chungu kilichofunikwa. Kusini zaidi yako maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya pazia la maji ambamo mtu anaweza kusimama. Haya yanafahamika kidogo, na vijana wa Mbeya huyatembelea siku za sikukuu, kwa hiyo sitayachambua zaidi.

Linalonishangaza zaidi ni kipunji. Huyu ni kima wa rangi ya kahawia, mwenye nywele ndefu zilizosimama kichwani, anayeishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na katika sehemu ndogo ya Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumtaja kwa jina, lakini sayansi haikuwa na habari naye hadi watafiti walipomfuatilia kuanzia mwaka 2003, baada ya kusikia simulizi za wenyeji. Alitangazwa duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyofanywa baada ya hapo ilikuta wanyama wapatao 1,100 tu. Mwaka 2009 msitu wa mlima ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Mlima Rungwe. Mnyama adimu namna hii anaishi juu ya mashamba ya migomba ambayo ndizi zake tunazila sisi, na bado vijana wengi wa mjini hawajawahi kulisikia jina lake.

Ng'ambo ya bonde, juu ya milima ya Kipengere, iko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 412, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Watu wa huko huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini, na hapa mpaka unarudi tena katika habari hii, maana viazi vya okidi hizo huchimbwa kwa siri na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Maua hayo huchanua kwa wingi kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, yaani wakati wa mvua, barabara zikiwa mbaya, ilhali wakati mzuri wa kupanda milima ni Juni hadi Oktoba. Mpangaji wa safari anayejua kazi yake atawaambia wageni wake wazi kwamba hawawezi kuyapata yote mawili kwa safari moja, na atawapa sababu ya kurudi.

Hata mimea ya Tukuyu ina historia yake ya kuandikwa. Pale Kyimbila, nje kidogo ya mji, Mmoravian aliyeitwa Adolf Stolz alikusanya maelfu ya vielelezo vya mimea kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jenasi moja ya okidi, Stolzia, ina jina lake. Chai ilijaribiwa Rungwe mwaka 1904, miaka miwili baada ya Amani kule Usambara, na kilimo chake cha biashara kikaanza katika miaka ya 1920. Siku hizi wakulima wadogo ndio wenye sehemu kubwa ya hadithi hiyo, na kutembea kati ya mashamba yao asubuhi, mlima ukiwa umefunikwa nusu na ukungu, ni raha ambayo haihitaji tiketi. Ukiteremka hadi Matema unakuta mchanga wa Ziwa Nyasa chini ya ukuta wa milima ya Livingstone, na Jumamosi kwenye soko la Lyulilo wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huuza vyungu vyao vilivyoletwa kwa mitumbwi.

Najua watakaosema kwamba wageni hawatakwenda mbali hivyo, kwamba mvua ni nyingi na hoteli ni chache. Jibu langu ni kwamba sisemi Tukuyu ushindane na Serengeti. Nawazungumzia kwanza Watanzania. Shule zetu za Dar es Salaam hupeleka wanafunzi Bagamoyo na Mikumi kila mwaka, na ni vizuri, lakini mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma volkeno, mipaka ya kikoloni na uhifadhi wa viumbe adimu katika vitabu vitatu tofauti angeviona vyote kwa pamoja Rungwe ndani ya siku chache. Kwa hali ya hewa ile, hata likizo ya Juni, ambayo wazazi wengi hawajui waitumie vipi, ingepata maana.

Umbali nao umepungua kuliko tunavyodhani. Barabara kutoka hapa hadi mpakani Kasumulu ni ya lami, na ndiyo inayobeba mizigo ya Malawi kutoka bandari yetu. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inafika Mbeya, na tangu mwaka 2012 Mbeya ina uwanja wa ndege wa Songwe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Idara ya Mambo ya Kale na Shirika la Makumbusho ya Taifa, wakishirikiana na halmashauri za Rungwe na Busokelo, wafanye tathmini ya jengo la Masoko na kulikarabati kwa vifaa vinavyofaa, chokaa kwa chokaa na jiwe kwa jiwe, pasipo kulibandika saruji na rangi hadi lisitambulike. Chumba kimoja kitengwe kwa maonyesho madogo yenye picha za zamani, ramani ya mpaka wa 1890, maelezo ya tope la ziwa na habari za kipunji, yote kwa Kiswahili kwanza. Masimulizi ya wazee wa Masoko, Lubaga na Rungwe yarekodiwe sasa, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na vijana wa vijiji hivyo wafundishwe kuongoza wageni ili ada inayotozwa ibaki kijijini. Kuhusu kambi ya Wajerumani naomba jambo moja la ziada: isimuliwe pia kwa upande wa askari na wapagazi, na kwa upande wa wanakijiji waliotozwa kodi ya kibanda na kulazimishwa kufanya kazi, maana jengo lile halikujengwa na Wajerumani kwa mikono yao.

Gazeti lako nalo lina nafasi yake. Kurasa zako za utalii zimefanya kazi kubwa kuhusu Zanzibar na mbuga za kaskazini. Naomba umtume mwandishi na mpiga picha Rungwe kati ya Juni na Septemba, wakae angalau wiki moja, wazungumze na wazee, wapande hadi Ngozi na kuteremka Matema, na waandike kwa urefu unaostahili. Kwa msomaji ambaye hatasubiri ripoti hiyo, mabasi ya Kyela huondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi na hupita Tukuyu. Anayekwenda kwa treni ashuke Mbeya, achukue gari la Uyole, kisha Coaster za Tukuyu. Achukue sweta, koti la mvua na viatu visivyoteleza, na akifika Masoko awatafute kwanza viongozi wa kijiji, ambao watamwonyesha mtu wa kumtembeza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kinondoni, Dar es Salaam